Shairi la Krismasi lililopita miaka 200 lingali lasomewa watoto

KILA ifikapo usiku wa Desemba 24, katika nyumba nyingi za Marekani hutolewa kitabu kimoja chembamba chenye picha. Aghalabu kitabu hicho huwa kimehifadhiwa mwaka mzima ndani ya sanduku la mapambo, pamoja na taa na nyota ya mti wa Krismasi. Watoto wakishaoga na kuvaa nguo za kulalia, mzazi, babu au nyanya huketi nao na kukisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Shughuli yenyewe huchukua dakika chache tu.

Kilichomo kitabuni ni shairi liitwalo “A Visit from St. Nicholas”, yaani Ziara ya Mtakatifu Nicholas, ingawa wengi hulijua kwa jina la “The Night Before Christmas”. Lina mishororo 56. Hata hivyo, mengi ambayo ulimwengu huyachukulia kuwa desturi ya kale ya sikukuu hiyo, Kenya ikiwemo, yalipata umbo lake ndani ya mishororo hiyo michache.

Msimulizi ni baba mwenye nyumba. Watoto wamelala, soksi zimetundikwa penye meko, naye na mkewe wako karibu kusinzia. Ghafla anasikia kishindo uani. Anakimbilia dirishani na kuona gari dogo la kuteleza juu ya theluji, likivutwa na kulungu wanane wa nchi za baridi, wadogo ajabu, huku dereva mzee akiwaita mmoja mmoja kwa jina. Gari linapaa hadi juu ya paa. Mzee anashuka kupitia dohani, nguo zake za manyoya zimejaa masizi, anajaza soksi zawadi bila kusema neno, kisha anapanda tena na kutoweka. Hakuna zaidi ya hayo. Hamna mafunzo ya adabu, wala onyo kwa mtoto mtundu, jambo lililokuwa nadra katika maandishi ya watoto ya zama zile.

Shairi hili lilichapishwa kwa mara ya kwanza Desemba 23, 1823, katika gazeti la Troy Sentinel la mji wa Troy, jimbo la New York. Halikuwa na jina la mtunzi. Magazeti mengine yalilinakili mwaka baada ya mwaka, na mnamo 1837 ndipo lilipotolewa kitabuni likiwa na jina la Clement Clarke Moore. Moore mwenyewe alilitia katika diwani yake ya mashairi mwaka 1844.

Ni vigumu kumfikiria mtu asiyelingana na shairi kama hilo kuliko Moore. Alizaliwa mwaka 1779, mwana wa askofu wa kanisa la Kiepiskopali. Alikuwa profesa wa lugha za Mashariki na Kiyunani katika chuo cha theolojia jijini New York, chuo kilichojengwa juu ya ardhi aliyoitoa yeye katika shamba la familia yake lililoitwa Chelsea. Mwaka 1809 alikuwa amechapisha kamusi ya Kiebrania. Kwa masimulizi yaliyozoeleka, aliwatungia wanawe shairi hilo Krismasi ya 1822, na rafiki wa familia akalinakili na kulipeleka Troy bila yeye kulikusudia kwa umma.

Ili kuelewa kwa nini lilishika mizizi haraka, sharti msomaji ajue Krismasi ya Marekani ilikuwaje kabla yake. Wapuritani wa Massachusetts waliipiga marufuku kabisa kuanzia 1659 hadi 1681, na aliyepatikana akiisherehekea alitozwa faini. Jijini New York, mwanzoni mwa karne ya 19, majira hayo yalikuwa ya ulevi na makelele barabarani. Makundi ya vijana yalizunguka usiku yakigonga milango ya matajiri na kudai pombe na chakula. Mwanahistoria Stephen Nissenbaum, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu vita vya kuigombania Krismasi, alieleza kwamba Moore na wenzake wa tabaka la juu walisaidia kuiondoa sikukuu hiyo barabarani na kuiingiza nyumbani, na kumweka mtoto mahali pa mgeni mlevi. Yule agongaye usiku sasa haji kudai; anakuja kutoa.

Mtakatifu Nicholas hakubuniwa na shairi. Alikuwa askofu wa Myra, katika nchi iitwayo Uturuki leo, katika karne ya nne. Waholanzi waliendelea kumwadhimisha Desemba 6 na mkesha wake, wakimwita Sinterklaas, na jina hilo ndilo lililogeuka kuwa Santa Claus. Mwandishi Washington Irving alimtaja akipita angani na gari lake, na kitabu kidogo cha mwaka 1821 kilimwonyesha akivutwa na kulungu mmoja. Shairi la 1823 ndilo lililowafanya wawe wanane na kuwapa majina. Wawili kati yao, katika chapa ya kwanza, walikuwa na majina yenye asili ya Kiholanzi, Dunder na Blixem, maana yake ngurumo na radi. Yule wa pua nyekundu, Rudolph, ambaye watoto wengi humdhania kuwa wa tangu mwanzo, alibuniwa mwaka 1939 na Robert L. May kwa ajili ya kampuni ya maduka ya Montgomery Ward.

Lakini maneno peke yake yasingeliwafikisha watoto walipofika. Ni picha zilizofanya kazi kubwa, na hapa pana jambo la kuchekesha ambalo watu wazima hulipita huku watoto wakiliona mara moja. Mgeni wa shairi ni mdogo. Gari lake ni dogo, kulungu wake ni wadogo, naye mwenyewe ni kijitu cha hadithini. Ndiyo sababu anapita dohanini bila shida. Picha za Theodore C. Boyd, katika kitabu cha mwaka 1848, zinamwonyesha hivyo: kizee kifupi cha Kiholanzi cha New York. Wachoraji waliofuata walimkuza na kumnenepesha hadi akawa pandikizi la mtu, na tangu hapo wazazi wa vizazi kadhaa wamelazimika kujibu swali lile lile kutoka pajani: anapitaje pale?

Aliyemkuza zaidi ni Thomas Nast, mzaliwa wa Ujerumani na mchoraji wa katuni za siasa katika jarida la Harper’s Weekly. Mchoro wake wa Januari 1863 ulimwonyesha Santa Claus akiwagawia zawadi askari wa Kaskazini katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akiwa amevaa nyota na milia ya bendera. Nast aliendelea kumchora kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni yeye aliyempa makao katika Ncha ya Kaskazini. Kwa hiyo madai yanayorudiwa kila Desemba, kwamba mzee huyo wa nguo nyekundu ni zao la matangazo ya Coca-Cola, hayana msingi. Kampuni hiyo ilimpata mchoraji hodari, Haddon Sundblom, aliyeanza kumchora mwaka 1931, lakini nguo nyekundu zilikuwapo kabla yake.

Baada ya Nast, karibu kila kizazi kilipata kitabu chake. W. W. Denslow, aliyekuwa amechora picha za “The Wonderful Wizard of Oz”, alitoa chake mwaka 1902. Jessie Willcox Smith akafuata mwaka 1912, na Mwingereza Arthur Rackham mwaka 1931. Wa kuvutia kuliko wote pengine ni Grandma Moses, mkulima wa New York aliyeanza kuchora kwa dhati akiwa na umri wa miaka zaidi ya sabini. Alikamilisha picha za shairi hili akikaribia miaka 100, akafariki Desemba 1961, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Mashamba yake, yaliyofunikwa na theluji na yenye vijinyumba vyenye mwanga, ni ya mtu aliyewahi kuuona usiku huo akiwa mtoto katika karne ya 19.

Picha zina kazi nyingine. Lugha ya shairi imezeeka, na lina maneno ya mavazi na vyombo vya nyumbani ambayo mtoto wa leo, hata wa Marekani, hayatumii. Mkubwa husoma maneno, mdogo husoma picha, na wawili hao hukutana katikati. Baada ya miaka mitatu minne mtoto huwa amelijua shairi kwa moyo, na ole wake msomaji anayejaribu kuruka ukurasa ili awahi kulala. Hatimaye mtoto mwenyewe hukabidhiwa kitabu awasomee wadogo zake. Baadhi ya familia za Kikristo hutanguliza Injili ya Luka, sura ya pili, kwa kuwa shairi halimtaji Yesu hata mara moja.

Mabishano nayo hayakukosekana. Jamaa wa Henry Livingston, mkulima na mpimaji ardhi wa Poughkeepsie aliyefariki mwaka 1828, wamedai kwamba yeye ndiye mtunzi, na kwamba aliwasomea wanawe shairi hilo miaka mingi kabla ya 1822. Profesa Donald Foster aliwaunga mkono mwaka 2000 kwa kulinganisha mitindo ya watu hao wawili. Naye MacDonald P. Jackson wa New Zealand alifikia uamuzi huo huo mwaka 2016 kwa njia ya takwimu. Upande wa Moore una jambo moja zito: zipo nakala alizoziandika kwa mkono wake, moja ikiwa mali ya jumba la New-York Historical Society, ilhali hakuna hata moja ya Livingston, wala Livingston mwenyewe hakuwahi kudai chochote hadharani. Mradi nakala haijapatikana, ni haki Moore abaki na shairi lake.

Kubaki nalo hakumfanyi awe malaika. Kumbukumbu za historia zaonyesha kwamba familia yake ilimiliki watumwa, katika jimbo ambalo halikukomesha utumwa hadi Julai 4, 1827. Mzazi anayemsomea mtoto halazimiki kulitaja hilo kitandani, ila mtoto akikua na kuuliza mtunzi alikuwa nani, anastahili jibu kamili. Wengine wamejaribu kulisafisha shairi lenyewe badala yake: mwaka 2012 Pamela McColl, mchapishaji wa Kanada, alitoa chapa iliyoondoa kiko cha mzee na moshi wake. Kelele zikazuka, baadhi wakimshukuru na wengine wakimshutumu kwa kuharibu kazi ya marehemu. Kwa kweli mtoto anayesomewa na mtu mzima ana njia rahisi zaidi ya kujifunza kuhusu tumbaku, nayo ni kumuuliza aliyeshika kitabu.

Familia zilizotengana ndizo zinazoonyesha waziwazi kwamba jambo kuu si kitabu bali sauti. Tangu 1989, shirika la United Through Reading limekuwa likiwarekodi wanajeshi wa Marekani wakisoma vitabu vya watoto, ili wana wao waliobaki nyumbani wawaone na kuwasikia jioni. Vipo pia vitabu vya shairi hili vyenye kidude cha kunasia sauti kwa kila ukurasa. Nyanya akirekodi mara moja, mjukuu humsikia kila Desemba, hata nyanya atakapokuwa hayupo.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, hili la mzazi kumtungia mwanawe si geni. Mnamo 1858, miaka 35 baada ya lile la Troy, Mwana Kupona wa Pate alimtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa mawaidha ambao bado unasomwa. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alimwandaa binti kwa maisha na kwa kifo chake mama. Mtunzi wa New York alitaka watoto wacheke.

Hakimiliki ya shairi ilikwisha zamani, kwa hiyo yeyote yu huru kulitafsiri na kulichora. Kikwazo ni mizani. Mdundo wa Kiingereza hapa ni wa silabi mbili nyepesi na ya tatu nzito, kama farasi apigaye mbio, na mishororo mingi huishia kwa kishindo. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo mshororo wake huishia kwa ulaini. Mfasiri mwenye busara ataacha kumwiga farasi huyo na kushika mizani minane ya utenzi, ambayo masikio ya watoto wa huku yataipokea mara moja. Kuhusu picha, theluji ya Kenya iko kileleni mwa Mlima Kenya, na dohani zaonekana zaidi katika nyumba kongwe za nyanda za baridi kama Limuru. Mchoraji atakayeifanya kazi hiyo itambidi aamue kwanza mgeni ataingilia wapi.