Akiba ya Chakula Nyumbani: Kausha, Jaza, Ziba

Wanachama wengi, wakishauza karafuu zao, hununua magunia mawili matatu ya mchele wakayaweka stoo. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi masika hayajaisha, mchele umekwisha kuingia fukusi au kunuka uvundo, na fedha ya msimu imepotea bure.

Sisi watu wa visiwani hatuna budi kuweka akiba, kwani sehemu kubwa ya mchele tulao huja kwa chombo. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Siku kama hizo, mwenye chakula ndani hulala salama.

Kwanza, ukavu. Kila mkulima ajua kuwa karafuu zikitiwa guniani hazijakauka hugeuka mpeta. Chakula nacho ni vivyo hivyo. Chombo kilichozibwa hakikaushi kitu. Ukifungia maji ndani, utaota ukungu, na ukungu wa mahindi waweza kuleta sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Anika mahindi na maharage juani, katika jamvi safi lisilo na harufu ya karafuu. Mchele utandaze kivulini penye upepo, maana jua kali hupasua punje.

Kupima mahindi, twaa chupa kavu, tia punje hata theluthi yake, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, kisha tikisa na uiache robo saa. Chumvi ikigandama ubavuni, bado pana maji. Isipogandama, anika kutwa moja zaidi. Acha chakula kipoe kabla ya kukipakia. Kikiwa cha moto hutoa jasho chomboni.

Pili, hewa. Fukusi jike hutoboa punje na kuficha yai ndani, kwa hiyo mchele uonekanao safi leo waweza kuwa na wadudu. Dawa yake ni kuwanyima hewa. Tumia ndoo au dumu la chakula lenye kifuniko cha kukaza, lisilowahi kutiwa mafuta ya taa, rangi wala dawa ya shamba. Jaza mpaka juu, ukitikisa chakula kishuke, kisha ziba barabara. Wadudu watamaliza hewa kidogo iliyobaki, nao watakufa. Ukifungua kila siku, umewapa uhai mpya.

Kwa hiyo gawa akiba katika vyombo vidogo. Nyumba ya watu sita, kila mtu akihesabiwa gramu 400 za nafaka kavu kwa siku, hula kilo 72 kwa siku 30. Ndoo ya lita 20 huchukua mchele kilo 16 hivi. Basi ndoo tano zatosha mwezi. Ukifungua moja, nne zimebaki salama.

Weka mchele mweupe, mahindi mazima na maharage. Unga wa dona usiuweke muda mrefu, mafuta yake huchacha.

Panga ndoo juu ya chaga, mbali na ukuta, jua na magunia ya karafuu. Andika tarehe juu ya kila moja. Kula ya zamani kwanza, na mahali pake weka mpya.

Asiyeweza tano msimu huu, na aanze na moja.