Bahari, Reli na Nyuki: Kwa Nini Shambulio la Tanga la 1914 Lilishindwa

Mwanafunzi akisimama ukingoni mwa jabali la Irente, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini, ataona chini yake, karibu mita 1,000, mashamba ya mkonge ya Mazinde, na mbele zaidi nyika ya Wamasai inayokwenda hadi upeo wa macho. Akitazama kwa makini ataona pia mstari mwembamba unaopita chini ya milima. Hiyo ni njia ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Bahari haionekani kutoka hapo. Hata hivyo, vita vilivyopiganwa ufukoni mwa Tanga kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 haviwezi kueleweka vizuri bila ya mstari huo.

Wengi wamesikia kwamba nyuki ndio waliowashinda Waingereza pale Tanga. Hadithi hiyo ni tamu, na ina chembe ya ukweli, lakini haitoshi. Katika makala haya tutalitazama shambulio lile kama swali la kisayansi. Jeshi moja linatoka baharini kuja nchi kavu, jingine linatoka bara kwenda pwani. Lipi litaweza kukusanya watu wa kutosha mahali panapohitajika kabla ya mwenzake?

Majeshi mawili na njia zao

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Waingereza walitaka kuitwaa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani kwa pigo la upesi. Mpango wao ulikuwa na ncha mbili. Kikosi kimoja kingeshambulia kutoka Kenya kupitia Longido, karibu na Kilimanjaro. Kingine, kikubwa zaidi, kingeshuka Tanga na kuifuata reli kuelekea juu. Kikosi hiki cha pili kilikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao askari wa Kihindi, chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Kiliondoka Bombay tarehe 16 Oktoba katika msafara wa meli za uchukuzi 14, kikafika Mombasa mwisho wa mwezi. Askari walikuwa wamekaa melini majuma mengi, wamesongamana, wengi wakiugua kichefuchefu cha bahari. Wengine walipewa bunduki za aina mpya muda mfupi tu kabla ya kusafiri.

Upande wa pili alikuwa Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck. Sehemu kubwa ya askari wake, Waafrika wakiongozwa na maofisa wa Kijerumani, ilikuwa kaskazini, karibu na Moshi, ikiutazama mpaka wa Kenya. Tanga ilikuwa na walinzi wachache sana.

Kati ya Moshi na Tanga kulikuwa na kilomita 352 za reli. Ujenzi wake ulianza mwaka 1893, ukafika Mombo, chini ya Lushoto, mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Wajerumani hawakuijenga kwa ajili ya vita. Waliijenga, kwa jasho la vibarua wa Kiafrika, ili kuteremsha kahawa ya Usambara, kisha katani na mbao, hadi bandarini. Milima yenyewe ndiyo iliyoamua reli ipite wapi. Treni haiwezi kupanda mteremko mkali kama ule wa Mombo hadi Lushoto, kwa hiyo reli ilibanwa kati ya miamba ya Usambara na bonde la mto Pangani. Kwa mkulima wa kahawa huo ulikuwa usumbufu, maana mazao yalipaswa kuteremshwa kwanza. Kwa jemadari ilikuwa barabara moja iliyonyooka, yenye ukuta wa milima upande wa kaskazini.

Saa zilizopotea

Asubuhi ya tarehe 2 Novemba manowari Fox iliingia Tanga peke yake. Mnamo Agosti palikuwa na mapatano kwamba Tanga na Dar es Salaam zisishambuliwe, na Kapteni Caulfeild wa Fox aliona ni wajibu wake kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano hayo yamekwisha. Akampa mkuu wa wilaya, Dakta Auracher, muda wa saa moja kuusalimisha mji. Auracher hakuusalimisha. Habari zikapelekwa kwa waya wa telegrafu, na Lettow-Vorbeck akaanza kupakia watu wake kwenye treni.

Hapo ndipo mashindano yalipoanza, na Waingereza hawakujua kuwa wamo mashindanoni. Walihofia mabomu ya baharini mlangoni mwa bandari, wakatumia muda kuyatafuta, na hawakuyapata kwa sababu hayakuwapo. Kisha wakaamua kutoshuka bandarini, bali ufukoni karibu na Ras Kasone, mashariki ya mji. Askari wa kwanza walikanyaga nchi usiku wa kuamkia tarehe 3.

Wanafunzi wa hisabati wanaweza kuupima uzito wa saa hizo. Tuchukue, kwa kukadiria tu, kwamba treni ilikwenda kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa. Safari ya kilomita 352 ingechukua saa zipatazo 18. Kutoka asubuhi ya tarehe 2 hadi mchana wa tarehe 4, Aitken alipoanza shambulio lake kubwa, zilipita saa zaidi ya 50. Katika muda huo treni moja iliweza kushuka Tanga, kurudi Moshi na kuwa njiani tena. Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba treni moja iliweza kuchukua kombania moja pamoja na mizigo yake, au mbili zisizo na mizigo. Hiyo si idadi kubwa, lakini ilikuja mfululizo, na kila mtu aliteremka na bunduki yake mkononi, miguu mikavu, tayari kwa kazi.

Kwa upande wa bahari hesabu ni nyingine. Mtu aliyemo melini hahesabiwi kuwa askari vitani mpaka afike ufukoni. Ni lazima ashuke kwenye tishari, tishari livutwe na boti hadi maji ya kina kifupi, yeye aruke majini na mzigo wake, kisha tishari lirudi kumchukua mwenzake. Tukidhani, kwa mfano, kwamba matishari yote kwa pamoja hubeba watu 500 na kila safari ya kwenda na kurudi huchukua saa nne, kuwashusha watu 8,000 kutahitaji safari 16, yaani saa 64. Na hapo bado hatujahesabu risasi, maji ya kunywa, nyumbu wala mizinga. Meli kumi na nne zilizojaa watu hutisha zikionekana kwa mbali. Nguvu yake halisi ni ile tu inayoweza kupita katika matishari machache.

Mwezi na maji

Jambo la tatu ni maji kujaa na kupwa, na hapa msomaji anaweza kufanya uchunguzi wake mwenyewe. Tarehe 21 Agosti 1914 jua lilipatwa. Jua hupatwa tu siku ambayo mwezi uko kati ya jua na dunia. Kutoka hali hiyo hadi kurudi tena ni siku 29.53. Tukihesabu miezi miwili na nusu ya namna hiyo, yaani siku 74 hivi, tunafika tarehe 3 Novemba. Kwa hiyo wakati wa kushuka Tanga mwezi ulikuwa mpevu.

Kila mvuvi wa Tanga anajua maana yake: bamvua. Jua na mwezi huvuta kwa mstari mmoja, maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi mita 3. Siku za bamvua maji hapa hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Anayeshusha watu usiku wa saa nne hukutana na bahari iliyorudi mbali, miamba ya matumbawe ikiwa karibu na uso wa maji na matope ya mikoko wazi. Tishari lililokwama wakati maji yanapokupwa haliondoki mpaka yajae tena. Isitoshe, mbalamwezi humwangaza anayetembea ufukoni kwa faida ya anayemngoja kichakani.

Kisa cha Bahari ya Pasifiki kinaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Tarehe 20 Novemba 1943 Wamarekani walikishambulia kisiwa kidogo cha Betio, katika Tarawa, kilicholindwa na Wajapani. Siku hiyo yalikuwa maji mafu, na mwezi ulikuwa mbali na dunia kuliko kawaida, kwa hiyo bahari haikupanda vya kutosha kuufunika mwamba. Mashua za kawaida zilikwama. Magari ya minyororo yaliyoweza kuogelea na kutambaa juu ya matumbawe yalipita, lakini yalikuwa machache, na askari wengi walitembea majini mamia ya mita chini ya risasi. Wamarekani wapatao 1,000 waliuawa katika saa 76. Hata hivyo walishinda, na sababu moja ni rahisi: Betio haina bara nyuma yake. Walinzi wake hawakuweza kuongezeka hata mtu mmoja. Kati ya watu zaidi ya 4,500 waliokuwapo, Wajapani 17 tu walikamatwa hai, pamoja na vibarua Wakorea 129. Tanga haikuwa kisiwa.

Mchana wa tarehe 4 Novemba

Tarehe 3 asubuhi Waingereza waliokwisha kushuka walijaribu kuingia mjini, wakarudishwa. Usiku uliofuata Wajerumani waliondoka Tanga, mji ukabaki karibu mtupu. Aitken hakujua, kwa sababu hakutuma wapelelezi, akangoja watu wake wote washuke. Lettow-Vorbeck alifika kwa treni kabla ya alfajiri ya tarehe 4, akaingia mjini kwa baiskeli kuuona kwa macho yake. Ningependa walimu wa historia walitaje jambo hili dogo darasani, kwa maana linaeleza mengi kuliko maneno juu ya ushujaa.

Mchana Waingereza wakasonga mbele kupitia mashamba ya mipira, mkonge na vichaka virefu. Jua lilikuwa kali, kila kikosi kilipotezana na jirani yake, na mpangilio uliokuwa mzuri kwenye ramani ukavunjika. Baadhi ya askari, Waingereza wa Lancashire na Wakashmiri, walifika hadi ndani ya mji. Wengine walitawanyika. Mizinga haikuwasaidia. Bunduki kubwa za Fox zilipiga bila ya mtu nchi kavu wa kuelekeza kombora, na mizinga midogo ya milimani ilibaki juu ya sitaha ya meli, ikifyatuliwa kutoka huko. Alasiri Lettow-Vorbeck akazungusha kombania zake za akiba upande wa kusini, ambako mstari wa Waingereza ulikuwa na ncha isiyolindwa. Kombania hizo zilikuwapo kwa sababu reli ilizileta.

Sasa nyuki. Neno mzinga katika lugha yetu ni la nyuki na ni la baruti, na siku hiyo ya aina zote mbili ilikuwamo. Magogo ya kufugia nyuki yalitundikwa mitini, risasi zikayapiga, na makundi yakawashukia watu wa kikosi cha 98 cha Wahindi na wengineo. Nyuki akichoma, mwiba hubaki ngozini pamoja na kifuko cha sumu, na hapo hutoka kemikali iitwayo isoamili asetati, yenye harufu kama ya ndizi mbivu. Harufu hiyo huwaita wenzake kwenye shabaha ileile. Nyuki wetu wa Afrika huitikia mwito huo upesi na kwa wingi kuliko wale wa Ulaya, na mtu anayekimbia huku akipunga mikono huwachochea zaidi. Uvumi ulioenea Uingereza kwamba Wajerumani walitega mizinga ile kwa nyaya ni upuuzi mtupu: askari wa rashasha wa upande wa Wajerumani nao walichomwa. Nyuki waliharakisha kuvunjika kwa kikosi ambacho tayari kilikuwa kimechoka, hakina maji na hakijui adui yuko wapi.

Milima ya Usambara ilikuwa na watu wake pia katika pambano hilo. Walowezi wa Kijerumani waliandikishwa katika kombania za bunduki, na miongoni mwa waliouawa tarehe 4 alikuwa Tom von Prince, kapteni mstaafu aliyekuwa na shamba Sakarani, karibu na Soni. Ndiye yule yule aliyepigana na Mkwawa wa Uhehe katika miaka ya 1890.

Tarehe 5 Waingereza walirudi melini. Walikuwa wamepoteza zaidi ya watu 800, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Wajerumani walipoteza chini ya 200. Ufukoni ziliachwa mamia ya bunduki, rashasha, simu za vitani na risasi zaidi ya nusu milioni, ambazo Lettow-Vorbeck alizitumia kwa muda mrefu. Vita vikaendelea miaka minne, na gharama yake kubwa zaidi ililipwa na wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Majina yao hayamo katika kumbukumbu za majemadari.

Mwaka 1916 Waingereza walikuja kwa njia nyingine. Majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kutoka Kilimanjaro kando ya mto Pangani, yakaitwaa reli kipande kwa kipande, na mwezi Juni yakafika Mombo, Korogwe na Wilhelmstal, mji ambao leo ni Lushoto. Tarehe 7 Julai Tanga ilitwaliwa bila pambano kubwa. Wakati huo hapakuwa tena na treni ya kuja kuiokoa.