Pilipili, Viuatilifu na Afya ya Mkulima
Pilipili huchumwa mara kwa mara kwa majuma mengi, na wengi huila mbichi. Hivyo mkulima apuliziaye sumu leo huenda akachuma keshokutwa, kabla ya kwisha siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfati huzuia kimeng'enya cha asetilikolinesterasi: mate na jasho humtoka mtu kwa wingi, mboni za macho husinyaa, kifua hubana. Mhudumu wa afya aonaye dalili hizo kwa mtu aliyetoka shambani na aulize alichopulizia, amvue nguo zilizolowa, amwoshe kwa sabuni, na atropini iwe karibu.

Vidukari na nzi weupe, waenezao pia virusi vya mimea, hujificha chini ya majani. Huko ndiko maji ya mbegu za mwarobaini, zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yanapaswa kufika. Tena jioni, kwani jua huyapunguza nguvu upesi. Hayaui papo hapo, bali huwazuia wadudu kula na kukua.

Hata hivyo, cha asili si lazima kiwe salama kunywewa. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege. Chupa yake ifungiwe mbali nao.