Majina Mawili ya Klasi Moja: Klasi za Ndani katika Lugha ya Java

Makala haya yahusu tatizo la utungaji wa programu ambalo ni tatizo la lugha pia: kitu kimoja kuwa na jina moja kwa mtungaji na jina jingine kwa mashine.

Lugha ya Java iliruhusu klasi kutungwa ndani ya klasi nyingine tangu toleo la 1.1, mwaka 1997. Mashine yake pepe, hata hivyo, haikubadilishwa. Iliendelea kujua klasi zilizo sambamba tu. Kazi ya kupatanisha pande hizo mbili iliachiwa kompaila.

Ichukuliwe klasi Maktaba, ambayo ndani yake mna klasi Kitabu, katika furushi chuo. Mtungaji huandika chuo.Maktaba.Kitabu. Kompaila huzalisha mafaili mawili, na la pili huitwa Maktaba$Kitabu.class. Basi anayeitafuta klasi hiyo kwa Class.forName, programu ikiwa inaendeshwa, hana budi kutaja chuo.Maktaba$Kitabu. Akiweka nukta mahali pa dola, mashine itatafuta klasi Kitabu katika furushi chuo.Maktaba, nalo halipo. Ubaya wa kosa hili ni kwamba kompaila hailioni: kwake jina hilo ni maandishi tu, na hitilafu hujitokeza baadaye, pengine programu imekwisha kufika kwa mtumiaji.

Wito getName hutoa jina lenye dola, ambalo forName hulikubali; getCanonicalName hutoa lenye nukta, lifaalo kusomwa na binadamu. Klasi isiyopewa jina huitwa kwa nambari, kama Maktaba$1, na kwake getCanonicalName hurudisha null.

Wako wanaolikata jina penye dola ili kuipata klasi ya nje. Njia hiyo haiaminiki, kwa kuwa Java huruhusu dola katika jina lolote la kawaida. Ni afadhali kuuliza getEnclosingClass, maana uhusiano huo huandikwa ndani ya faili lenyewe. Mwaka 2018, katika toleo la 11, mashine ilifundishwa kutambua undugu wa klasi hizo katika haki za kufikia sehemu za siri. Majina yalibaki yalivyo.

C# hutumia alama ya kujumlisha: Maktaba+Kitabu. Kompaila ya GCC, kwa C++, huhesabu herufi: N7Maktaba6KitabuE.