NYUMBA YA MAWE CHINI YA KILIMA CHETU



Muhula uliopita, nyumba kuukuu ya mawe iliyokuwa karibu na steji ninaposhukia matatu ilibomolewa. Asubuhi ilikuwepo, jioni mawe yakawa yanapakiwa kwenye lori. Nilisikitika, maana miaka mitatu nimepita hapo bila hata kuiangalia vizuri. Basi nikaamua kutafuta nyingine nijifunze kabla nayo haijaenda.

Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Wakubwa wa reli walipanda kukaa huku kilimani, kwa kuwa kule chini kulikuwa na matope na maradhi. Leo nyumba zao zinapungua na maghorofa yanapanda, kama lile la Britam lenye urefu wa mita 200.

Nyumba niliyoipata iko chini ya kilima, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, jirani na Nyayo House. Ilijengwa mwaka wa 1913. Zamani ilikuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, yaani PC, na humo waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Siku hizi ni Nairobi Gallery.

Je, mtindo wake ulitoka wapi? Katika Uingereza, tangu mwaka wa 1714 hadi 1830, walitawala wafalme wanne waliofuatana, wote wakiitwa George. Nyumba za mawe za enzi hiyo zilifuata kanuni walizoiga kwa Warumi na Wagiriki: mlango katikati, madirisha sawa kulia na kushoto, urembo kidogo tu. Ukiikata nyumba kwa macho, nusu mbili ni pacha. Wakoloni walikuja na mawazo hayo hayo, wakaongeza varanda kwa ajili ya jua letu. Nionavyo mimi, nyumba iliyonyooka hivyo ilikusudiwa kutoa amri kabla karani hajafungua mdomo.

Rafiki yangu aliniuliza, "Sasa wewe, unalilia nyumba za wakoloni za nini?" Kweli hilo ni swali. Lakini mawe hayajichongi. Majengo ya mawe ya Nairobi ya wakati ule ni jasho la mafundi Wahindi na vibarua Waafrika. Tena, ndani ya nyumba hii leo mna sanaa za Kiafrika zilizokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966. Kumbe nyumba inaweza kubadilisha kazi bila kuvunjwa!

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini nyumba kama hizi zikishabomolewa, hakuna atakayezijenga tena. Kwa hivyo naomba chama chetu cha Kiswahili, Jumamosi moja tu, tutoke na futi na daftari, tuzichore zilizobaki hapa Upper Hill. Angalau tukiulizwa na wadogo zetu, tuwe na la kuwaonyesha.

Mwanachama,
Kidato cha Tatu