Nywila ya seva iwekwe wapi?

TAKWIMU za wagonjwa wa kata kama Magole, wilayani Kilosa, huanzia katika vitabu vya MTUHA. Kila mwezi hujumlishwa, kisha huingizwa katika mfumo wa kompyuta wa DHIS2, ambao Tanzania iliueneza nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010. Magole ilikumbwa na mafuriko Januari 2014. Baada ya janga kama hilo, takwimu za kuhara na malaria huhitajika haraka.

Hata hivyo, programu inayopokea takwimu hizo kwenye seva haiwezi kufanya kazi kabla ya kuelezwa hifadhidata iko wapi na nywila yake ni ipi. Maelezo hayo huweza kuwekwa mahali pawili.

Kwanza ni faili la mipangilio, yaani maandishi yanayohifadhiwa kwenye diski. Faili hubeba maelezo mengi pamoja na ufafanuzi wake, na fundi mpya akilisoma huelewa mwenzake alipanga nini.

Pili ni vigeu vya mazingira. Mazingira hapa si misitu wala mito, bali ni orodha ya majina na thamani ambayo programu hukabidhiwa inapoanzishwa. Vigeu hufaa kwa jambo linalotofautiana kati ya seva na seva, kwa kuwa programu ileile huhamishwa bila kuguswa. Mwongozo uliotolewa na wahandisi wa kampuni ya Heroku ya Marekani mwaka 2011 uliipendelea njia hii, ili nywila zisiandikwe ndani ya programu yenyewe.

Pamoja na faida hiyo, vigeu si kabati la chuma. Programu hurithisha vigeu vyake kwa kila programu nyingine inayoianzisha, na huweza kunakiliwa katika kumbukumbu za hitilafu. Faili nalo, likiachwa wazi, husomwa na kila mwenye akaunti kwenye seva.

DHIS2 hutumia njia zote mbili. Kigeu DHIS2_HOME huonyesha folda. Ndani yake faili dhis.conf hutunza nywila, na mwongozo wa mfumo huo huagiza faili hilo lisomwe na mtumiaji anayeendesha programu peke yake.

Kwa ufupi, kigeu kionyeshe njia, faili litunze siri, na ruhusa za faili ziwe mlinzi wake.