Afya ya umma au ushauri nasaha: Usomee ipi?

Chukua mfano wa muuguzi wa Wamunyu, Machakos. Ana shahada ya kwanza, amefanya kazi miaka kadhaa, na sasa jamaa zake wako tayari kuchanga karo ya shahada ya uzamili. Je, asomee afya ya umma au ushauri nasaha? Swali hili huwasumbua wengi, hata mijini, kwa kuwa kozi zote mbili zinahusu kuwasaidia watu. Karo ikishalipwa, si rahisi kurudi nyuma.

Tofauti huonekana wazi panapotokea msiba. Mwaka 2004, sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, iliwakumba wakazi wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Sumu hiyo huharibu ini. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki.

Mtaalamu wa afya ya umma huuliza maswali kuhusu wengi. Wagonjwa wametoka vijiji gani? Walikula mahindi ya wapi? Yaliwekwa vipi? Huchukua sampuli, huhesabu na kulinganisha, kisha hushauri mahindi mabovu yaondolewe na wakulima wafunzwe kuyaanika vyema kabla ya kuyatia ghalani. Akifaulu, watu asiowajua hawataugua, na huenda hakuna atakayemshukuru.

Mshauri nasaha huketi na mtu mmoja. Huenda ni mjane asiyepata usingizi kwa kuwa ndiye aliyeupika ugali ule. Hapa takwimu hazifui dafu. Mshauri hamhukumu wala hamwambii ajikaze tu. Humsikiliza wiki baada ya wiki na kuitunza siri yake. Umuhimu wa kazi hii ulidhihirika pia baada ya bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi. Zaidi ya watu 200 walikufa, na manusura wengi walibaki na majeraha yasiyoonekana kwa macho.

Masomo yenyewe pia hutofautiana. Afya ya umma, inayofundishwa katika vyuo vikuu vya Nairobi, Moi na Kenyatta miongoni mwa vingine, ina takwimu nyingi, elimu ya kuenea kwa magonjwa na usimamizi. Anayechukia hesabu atataabika. Ushauri nasaha, unaofundishwa Daystar na USIU miongoni mwa vyuo vingine, hudai saa nyingi za kuwahudumia watu chini ya msimamizi. Asiyeweza kustahimili vilio vya wengine atachoka mapema.

Kuhusu kazi, tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na huko ndiko wengi wa afya ya umma hutafuta ajira. Mshauri aweza kufanya kazi hospitalini, shuleni au kufungua ofisi yake, lakini sheria ya mwaka 2014 inamtaka asajiliwe kwanza. Kwa hivyo, kabla ya kulipa karo, uliza bodi inayosimamia taaluma hiyo kama inaitambua kozi unayoitaka.

Mwisho, muuguzi wetu na ajiulize ni jambo gani la wodini humfanya akose usingizi. Je, ni wagonjwa kumi wa kuhara waliotoka kijiji kimoja, au ni yule mmoja aliyeugeukia ukuta akakataa kusema? Jibu hilo litamwonyesha kozi inayomfaa.